Kanisa Nimehama, Mint Sihami

Mpendwa Mama Yusta,

Naomba msaada wako, ila nakuonya mapema kwamba sijaandika ili unionee huruma, na jina langu usilifiche kama unavyowaficha wengine, mimi naitwa Sekela, nipo Soweto hapa Mbeya, nina steshenari, na hata ukiandika tu "msomaji wa Mbeya" watu watanijua, maana sidhani kama mji huu una mwanamke mwingine ambaye harusi yake imesimama kwa sababu ya kompyuta.

Nianze na hiyo kompyuta, maana ndiyo yenye kesi. Nilipofungua duka nilikuwa na mashine moja ya mtumba yenye Windows ya kukopi, na kazi ya steshenari unaijua, watu wanakuja na flashi zao kutoka kila kona, mwanafunzi na ripoti yake ya field, mwalimu na mitihani, katibu wa kikundi na muhtasari wa kikao, na kila flashi inakuja na virusi vyake, ukichomeka tu mafolda yote yanageuka shotikati na mteja anakuangalia kama wewe ndiye uliyemwibia kazi yake, basi naibeba mashine kwa fundi, fundi anapiga Windows upya, nakaa kidogo tunarudi palepale. Ndipo rafiki yangu Blessing niliyesoma naye akaniletea Linux kwenye flashi, akasema hii inaendesha kompyuta kama Windows inavyoendesha, ila ni ya bure na ni halali, nayo ipo ya aina nyingi, wenyewe kila aina wanaiita distro, jaribu uchague inayokufaa. Nikajaribu Ubuntu, nikajaribu Debian, zote nzuri sina ugomvi nazo, lakini nilipofungua Linux Mint nilijisikia nimefika kwangu, ile mashine kizee ikaanza kupumua, printa ikakubali bila kubembelezwa, virusi vya wateja vikawa vinaingia na flashi vinabaki vimekaa tu havijui pa kwenda, na kitu kikigoma natengeneza mwenyewe mteja akiwa amesimama hapohapo kaunta. Sijui kama umewahi kuwa na kitu ambacho kabla hujakigusa unajua kitakujibu nini, mimi na Mint tupo hivyo, na sioni aibu kusema ninaipenda.

Sasa mchumba wangu anaitwa Liberatus Kalinga, yupo Iringa, anafundisha kompyuta chuoni, na yeye ni mtu wa Fedora, hiyo nayo ni distro, tena ni mtu wa Fedora kwelikweli, ana stika yake kwenye laptop na nyingine kwenye chupa ya maji. Tulikutana kwenye kundi la Telegram la watu wa Linux, aliandika kwamba Mint ni ya watu wanaoogopa kompyuta, nikamjibu mbele ya kundi zima kwamba mimi naishi kwa kompyuta na yeye anaifundisha tu, tuone nani anaogopa, akanifuata inbox kuendelea kubisha, ubishi ukageuka salamu, salamu zikageuka simu za kila siku, mpaka akapanda basi kuja kuniona. Ni mwanaume mzuri, sitamsingizia, hana majivuno kwa wazazi wangu, mama alipolazwa alikuja akakaa naye wodini kama mtoto wake wa kumzaa, na akicheka unacheka hata kama hujasikia alichosema. Alinipenda kwa ubishi wangu, Mama Yusta, yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo siku anajitambulisha kwetu, na ndiyo maana haya mengine yananiuma.

Yeye ni Mkatoliki na mimi ni Mmoravian, na kwetu mwanamke anamfuata mume, wazee walikaa wakasema Sekela atahama, nikahama, nikaacha na kwaya, nikaanza mafundisho parokiani, sawa, hilo limekwisha.

Jumamosi moja Liberatus alikuja kwa ajili ya kikao cha harusi, nami nilikuwa na mafundisho, nikamwachia funguo za duka, nikamwambia kuna ratiba ya mazishi ya marehemu mzee Isakwisa, nimeshaichapa yote, ndugu zake wakija waprintie tu. Nikaenda nikakaa kwenye benchi la parokia najifunza sala za kwao, na wakati mimi nimefumba macho, yeye alikuwa dukani anafuta mashine yangu. Narudi nakuta skrini siitambui, yeye anatabasamu kama mtu aliyenunua gari, anasema, "Sapraizi! Nimekuwekea Fedora, sasa tutakuwa nyumba moja, mfumo mmoja, na ukikwama mimi nipo. Kazi zako zote nimezihifadhi kwenye diski yangu, usiogope." Na ndugu wa marehemu wamesimama kaunta wanasubiri, maana printa hakuiunganisha, fonti zangu hakuziweka, ratiba ikifunguliwa maneno yametawanyika na picha ya marehemu imeruka ukurasa wa pili peke yake. Siilaumu Fedora, yeye angekaa chini akaipanga ingefanya kazi vizuri tu, lakini yeye hakuipanga, nilimkuta anachagua picha ya kuweka ukutani mwa skrini.

Nikamwambia toka kwenye kiti. Nikatoa flashi yangu ya Mint kwenye droo nikaichomeka, akaniuliza, "Unafuta?" nikasema nafuta, akasema, "Mbele za watu, Sekela?" nikamwambia, "Wewe ulifuta nikiwa sipo." Dada wa marehemu, mama mtu mzima, kajifunga kitenge cha msiba, macho yamevimba kwa kulia, alituangalia wote wawili akasema, "Mwanangu, weka ile unayoijua. Kaka yangu hana haraka tena, ila mchungaji anayo." Nikaiweka, nikarudisha kazi zangu, nikaprinti, wakachukua ratiba zao zikiwa bado za moto, yule mama akanishika mkono akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo.

Liberatus hakungoja hata kikao, alipanda basi siku ileile akarudi Iringa. Na mimi kwa kuwa moto ulikuwa bado unawaka, nikapiga picha skrini yangu nikaiposti kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, nikaandika, "Mint imerudi nyumbani. Anayetaka harusi aje na adabu." Sijaifuta mpaka leo na sioni kwa nini niifute.

Wiki iliyofuata mshenga wao, baba yake mdogo Liberatus, mzee Danieli, akaja kwetu na kofia yake mkononi, akasalimia kwa lugha ya kwao, kamwene, akakaribishwa chai, akanywa, halafu akasema ametumwa. Akasema kijana amedhalilishwa mbele ya wafiwa na mbele ya kamati, na anataka mambo mawili, binti aombe radhi kikaoni mbele ya pande zote mbili, na mashine irudishwe kama kijana alivyoiweka, maana binti huyu amekataa kumfuata mume. Baba akashtuka, akauliza, "Amekataa kanisa?" Mzee Danieli akasema, "Hapana, kanisa amekubali vizuri kabisa. Amekataa kompyuta." Baba akaniangalia, akamwangalia mshenga, akauliza taratibu, "Sasa hiyo kompyuta yenu inasali wapi?" Kaka zangu wakatoka nje kucheka, mimi nilibaki, na sikucheka.

Mama anasema mwanaume haachwi kwa sababu ya mashine. Shangazi Tumpe kanivuta jikoni, kaniambia, "Wewe mjinga kweli, kubali hiyo ya kwake, olewa, akishakwenda kazini unarudisha ya kwako kimyakimya, unafikiri sisi ndoa zetu zimedumuje?" Mama Yusta, mimi siwezi, sitaki kuwa na Mint ya kujificha, niwe nasikiliza kama mlango unafunguliwa ndiyo nizime skrini, hiyo si ndoa, huo ni wizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Gauni liko kwa fundi, ukumbi umeshikwa, kadi zinasubiri mimi nizichape, kila mtu ananiambia shuka, na sishuki.

Sasa niambie, ninyenyekee niweke Fedora ili harusi iende, au niachane na mwanaume ninayempenda kwa ajili ya distro kama wanavyonicheka? Na ukiniambia nibadilishe, kwa heshima yote, sitabadilisha. Lakini nataka kujua kama mimi ndiye niliyekosea.

Ni mimi Sekela, Soweto, Mbeya.

MAMA YUSTA ANAJIBU

Sekela mwanangu, jina lako nimeliacha kama ulivyotaka. Mtu anayeomba ushauri huku ameshatangaza kuwa hatausikia ananikumbusha nilivyokuwa nikiwa na umri wako, kwa hiyo kaa vizuri, leo utasikia.

Kwanza nilitaka kujua hizi distro ni mdudu gani. Nikaita fundi wa kompyuta wa ofisi yetu nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye neno Fedora akasema kijana ana akili. Mwenzake wa meza ya pili akasema hana lolote, na Mint nayo ni ya akina mama, mtu mzima anatumia Debian. Wakaanza kutupiana maneno, chai yao ikapoa, gazeti likachelewa, nami sikupata jibu. Nilichojifunza ni kwamba watu hawa wana mapenzi, na mapenzi hayasuluhishwi kwa kuuliza nani ana akili zaidi.

Kwa hiyo swali la distro nalimaliza haraka. Baki na Mint. Wewe ndiye unayekaa kwenye kile kiti tangu asubuhi. Wewe ndiye unayeangaliwa na mteja printa ikigoma. Mashine ya kazi inachaguliwa na anayeifanyia kazi, na iliyo bora kwake ni ile anayoweza kuitengeneza watu wakiwa wamesimama. Liberatus anasema ukikwama yeye yupo. Yupo wapi? Yupo Iringa! Wewe upo Soweto na wafiwa kaunta. Akitaka Fedora aitumie kwenye laptop yake mpaka stika zimzibe macho, hakuna atakayemzuia. Nyumba moja inabeba mifumo miwili bila shida. Mimi na mume wangu hatujawahi kukubaliana chai inywewe na sukari kiasi gani, na tumezeeka pamoja.

Ila kuna jambo moja ambalo wewe umelipita kwa sababu ya hasira. Mafundi wangu walipomaliza kugombana, waliniambia kitu kimoja wakiwa wamekubaliana. Wanasema mtu akitaka kukuonyesha distro yake, anachomeka flashi, inafunguka yote, unaichezea unavyotaka, na ukiichomoa mashine yako ipo vilevile, hakijaguswa kitu. Hata wewe najua unalijua hilo, ndivyo ulivyozijaribu zile za mwanzo. Na mwalimu wa chuo analijua kuliko sisi sote. Basi Liberatus alikuwa na njia ya kukuonyesha bila kufuta, tena iliyo rahisi kuliko ile aliyofuata. Angekusubiri utoke mafundisho, akakwambia mpenzi njoo uone, ukaona, ukakataa, mkacheka, mkaenda kula. Hakutaka uone, alitaka ukute. Hapo ndipo alipokosea, na mtu yeyote asikuambie kuwa kosa ni dogo kwa kuwa kilichofutwa ni kompyuta.

Haya, sasa zamu yako, na usinune.

Ulikosea kwenye lile kundi la kamati. Pale dukani ulikuwa na haki, kazi ya wafiwa ilikuwa inasubiri na ulifanya kilichotakiwa kufanyika. Lakini ile picha uliyoposti haikumsaidia mfiwa hata mmoja. Ulimchukua mwanaume uliyekusudia kulala naye kitanda kimoja ukamwanika mbele ya mashangazi, majirani na watu waliochangia harusi wala hawajui Mint ni kitu gani. Unasema huoni kwa nini uifute. Ifute kwa sababu ni ukatili, ndiyo maana. Ifute leo, na mpigie simu umwombe radhi kwa hilo moja tu, kwa sauti yako. Kikaoni usiombe radhi. Mbele ya pande mbili usiombe radhi. Mzee Danieli mpe chai yake ya heshima na umwambie kwa upole kwamba jibu la jambo hili halibebwi na mtu wa tatu.

Shangazi Tumpe namwelewa, na wengi wetu tumeishi hivyo anavyosema. Usimfuate. Umesema kweli kwamba hutaki kuwa mtu wa kusikiliza mlango, na hapo nilitamani ningekuwa karibu nikukumbatie.

Lakini Sekela, kuna sehemu ya barua yako ambayo sikuweza kuivuka. Umeniandikia virusi, fonti, printa na picha ya marehemu iliyoruka ukurasa, yote kwa kirefu, mpaka nimeiona. Halafu kanisa ulimolelewa, pamoja na kwaya yako, ukavimaliza kwa pumzi moja, ukaandika sawa, hilo limekwisha. Mimi sikuamini. Wazee walikaa wakasema atahama, ukahama, na katika barua ndefu namna hii hakuna mahali ambapo mtu alikuuliza. Wala wewe hukujiuliza. Ndiyo maana Jumamosi ile hukukasirika kama mtu aliyefutiwa kompyuta tu. Ulitoka kwenye benchi la kanisa lisilo lako, umetoka kuachia kimoja, ukakuta na cha pili kimeshachukuliwa.

Sisemi usihame. Ukikaa peke yako ukaona moyo wako umekubali parokia, hama kwa furaha na uimbe huko, Wakatoliki nao wana kwaya na naambiwa sauti nzuri hawajawahi kuifukuza. Lakini kama ulihama kwa sababu tu hakuna aliyekuuliza, liseme sasa, kabla ya pete, kwa ajili ya kanisa lenyewe. Kompyuta isikubebee mzigo huo. Wanawake wengi tunanyamaza kwenye jambo kubwa halafu tunapigania dogo kwa nguvu zote, na waume wanabaki wanashangaa tunalilia nini.

Sasa fanya hivi. Mwite Liberatus aje Mbeya, yeye peke yake, bila mshenga, bila kamati. Aje siku ya kazi, akae nawe kaunta kutwa nzima, ahudumie wateja kwa mashine yako ilivyo. Na laptop yake abaki nayo begani, asiiguse yako. Aone unavyofanya kazi. Jioni mkifunga, kabla hamjaenda kokote, mweleze habari ya kwaya, yote, kama ulivyoniandikia ya printa. Halafu umuulize kama siku ile aliyokufutia mashine ilimpitia akilini kwamba angekuuliza kwanza, na kama siku nyingine atakuuliza. Mwache ajibu mwenyewe, usimsaidie maneno.

Mpaka hapo kadi za harusi usichape hata moja. Mashine ni yako, printa ni yako, na kamati yote haina pa kuzichapa bila wewe kukubali. Wakikupigia kelele, waambie Mama Yusta ndiye amesema, namba yangu ipo gazetini.

Nimesoma ulivyoandika alivyokaa na mama yako wodini. Mwanaume wa namna hiyo anaweza kujifunza kuuliza, na akijifunza usimkomoe, olewa naye, na bisha naye mpaka mzeeke, yeye na Fedora yake, wewe na Mint yako. Lakini akikujibu kwamba mke haulizwi, hata akilisema kwa sauti tamu, basi hapo umeshapata jibu la yote yaliyobaki. Msindikize mpaka stendi, umtakie safari njema, kisha kesho yake asubuhi ufungue duka lako kama kawaida.